Mifupa ya Shingo na Njia ya Damu Kwenda Ubongoni

Shingo ya binadamu ina pingili saba. Mvuvi wa Pangani anazo saba, mkata mkonge wa Hale anazo saba, na twiga anayekula majani ya migunga katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, pale nyika inapokutana na Bahari ya Hindi, naye anazo saba. Twiga amezidi kwa urefu wa kila pingili na kwa nguvu ya moyo: ili damu yake ifike kichwani, presha yake huwa karibu mara mbili ya presha ya mtu mwenye afya.

Hesabu hiyo ya saba imewafanya watu wengi waamini kwamba shingo zote ni sawa. Mhadhara huu unapinga imani hiyo. Pingili ni saba, lakini maumbo yake ni mengi: tundu la huyu ni pana na la yule ni jembamba; huyu ana daraja la mfupa lililopita juu ya mshipa wa damu, yule hana; mwingine amezaliwa na pingili mbili zilizoungana, na mwingine ana ubavu mdogo uliochipuka shingoni. Tofauti hizo hazionekani kwa macho wala hazihisiki kwa vidole, lakini zimekaa kandokando ya njia inayopeleka damu kwenye ubongo. Kwa wakazi wa Tanga na mwambao wake, ambako watu hubeba mizigo kichwani, hukwea minazi na hukaa kwenye viti vya vinyozi, jambo hili linawahusu kila siku.

Njia yenyewe

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, sawa na asilimia 2 ya mwili. Hata hivyo, hupokea karibu asilimia 15 ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani mililita 750 hivi kila dakika mtu akiwa ametulia. Ubongo hauna akiba ya kutosha ya chakula wala hewa. Damu ikikatika kabisa, fahamu hupotea ndani ya sekunde kumi hivi, na baada ya dakika chache seli huanza kufa.

Damu hiyo hupanda kwa mishipa minne. Miwili ni ateri za karotidi, zile zinazodunda mtu akigusa pembeni mwa koo. Hizi hubeba sehemu kubwa, kama nne kwa tano. Sehemu iliyobaki hupita kwenye ateri mbili za pingili, na hizo ndizo kiini cha mhadhara huu.

Kila ateri ya pingili huchipuka kutoka kwenye ateri kubwa iendayo mkononi. Hupanda kidogo peke yake, kisha huingia kwenye tundu lililo ubavuni mwa pingili ya sita kutoka juu. Kutoka hapo hupenya tundu la pingili ya tano, la nne, la tatu, la pili, hadi la kwanza. Pingili ya saba nayo ina matundu, lakini kwa kawaida ateri hupita mbele yake na matundu hayo huachiwa veni ndogo. Ikishatoka kwenye pingili ya kwanza, iitwayo atlasi, ateri hujikunja kuelekea nyuma, hulala katika mfereji mdogo juu ya tao la mfupa huo, kisha huingia ndani ya fuvu kupitia tundu kubwa la chini. Humo ateri ya kulia na ya kushoto huungana kuwa moja, ateri ya basila.

Ateri ya basila hulisha shina la ubongo, linaloongoza pumzi, kumeza na mapigo ya moyo. Hulisha pia ubongo mdogo, unaoweka mwili sawa mtu anaposimama na kutembea. Na matawi yake hufika sehemu ya nyuma ya ubongo, inayotambua kile ambacho macho yameona. Ndiyo maana damu ikipungua kwenye njia hii, mtu huweza kupepesuka, kuona vitu viwili viwili au kupaliwa na maji, huku mikono yake yote miwili bado ina nguvu.

Shingo hugeuka. Muumini anapotoa salamu kulia na kushoto mwishoni mwa sala, karibu nusu ya mzunguko huo hufanyika kati ya pingili mbili tu, ya kwanza na ya pili. Kichwa kikielekea kulia, atlasi huivuta ateri ya kushoto. Kikielekea kushoto, huivuta ya kulia. Kwa mtu mzima wa afya, kugeuka huko hakudhuru kitu. Ateri imeachiwa urefu wa ziada na mikunjo mahali pale ili ivutike bila kukatika, na wakati mmoja ikibanwa kidogo, mwenzake huendelea kupitisha damu.

Mifupa isiyofanana

Ushahidi wa karibu kuhusu tofauti za mifupa hii umetoka Nairobi. Mwaka 2010 Paul Bundi Karau, Julius Ogeng'o, Jameela Hassanali na Paul Odula wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha uchunguzi wa pingili 102 za atlasi zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Walichotafuta ni madaraja ya mfupa yanayoota juu ya mfereji wa ateri. Katika atlasi nyingi mfereji huo uko wazi. Katika nyingine, ukingo wa mfupa umejitokeza na kufunika sehemu yake. Na katika zaidi ya moja kwa kila kumi, daraja lilikuwa limekamilika, mfereji ukageuka kuwa tundu lililofungwa pande zote.

Matokeo hayo yanakaribiana na yale yaliyopatikana katika mabara mengine, kwa hiyo daraja hilo si ugonjwa wa nadra. Katika daladala iliyojaa abiria kutoka Tanga kwenda Muheza, inawezekana kabisa wakawamo watu wawili au watatu wenye daraja hilo. Wengi wao watazeeka na kufa kwa mambo mengine bila kujua kwamba walikuwa nalo. Lakini ateri iliyopita chini ya daraja imepoteza sehemu ya uhuru wake wa kusogea, na shingo ikizungushwa kwa nguvu, ateri huweza kukwaruzwa au kubanwa kati ya mfupa na mfupa.

Tofauti ya pili ni ya matundu yenyewe. Mara nyingi tundu la upande mmoja ni dogo kuliko la mwenzake, na ateri inayopita humo nayo huwa nyembamba. Kwa watu wengi ateri ya kushoto ndiyo nene. Wapo ambao ateri moja ni uzi tu, na karibu mzigo wote umebebwa na ile nyingine. Mtu wa namna hii anaishi vizuri, lakini ateri yake iliyo nene ikipata hitilafu, iliyobaki haitoshi kuziba pengo.

Tofauti ya tatu ni mlango wa kuingilia. Kama ateri tisa kwa kumi huingia kwenye pingili ya sita. Zilizobaki huingia kwenye ya tano, ya nne au ya saba. Daktari wa upasuaji anayepita mbele ya shingo bila kujua jambo hili anaweza kukutana na ateri mahali ambapo vitabu vingi vinasema haipo.

Tofauti ya nne ni ubavu wa shingo, kipande cha mfupa kinachoota kwenye pingili ya saba kwa watu wasiofikia mmoja katika mia. Ubavu huo huweza kuibana ateri iendayo mkononi, ile ile ambayo ateri ya pingili huchipuka humo. Dalili za kawaida ni ganzi na ubaridi wa mkono, hasa mtu anapouinua. Mara chache sana, damu huganda mahali palipobanwa na kipande chake kikaelekea ubongoni.

Ya tano ni pingili zilizoungana tangu tumboni mwa mama. Mwaka 1912 madaktari Maurice Klippel na André Feil wa Ufaransa walieleza hali hii, na mpaka leo inaitwa kwa majina yao. Pale pingili mbili au tatu zilipoungana hakuna kugeuka, basi pingili za juu na chini yake hulazimika kugeuka kupita kiasi, na ateri iliyo karibu nazo huvutwa zaidi.

Mwisho ni tofauti inayoletwa na umri. Baada ya miaka mingi ya kazi, sahani laini zilizo kati ya pingili huchakaa, na mfupa hujibu kwa kuota vichomozi pembezoni. Kichomozi kikiota kuelekea tundu la ateri, huisukuma na kuipinda. Mtu wa namna hii hakuzaliwa na njia nyembamba. Amekuwa nayo ukubwani.

Kwa nini wengi hawadhuriki

Baada ya kusikia orodha hiyo, mtu anaweza kuogopa hata kugeuza kichwa. Hana haja ya kuogopa. Mwaka 1664 daktari Mwingereza Thomas Willis alichapisha kitabu kuhusu ubongo, akaonyesha kwamba mishipa iliyopanda kutoka shingoni hukutana chini ya ubongo na kufanya duara. Mkazi wa Ngamiani ataelewa mara moja faida yake: Barabara ya Saba ikifungwa kwa shughuli ya arusi, mwenye baiskeli hukata kona na kupita ya Nane, na safari yake haikatiki. Damu nayo, njia moja ikibanwa, huzungukia nyingine.

Duara hilo nalo halifanani kwa watu. Kwa wengi halijakamilika. Kuna kiungo kinachokosekana au chembamba mno kisichoweza kupitisha damu ya maana. Kwa hiyo hatari huja pale mambo yanapokutana: mtu ana ateri moja nyembamba, duara lake lina pengo, na ile ateri nene imewekwa chini ya daraja la mfupa au kando ya kichomozi. Kisha shingo yake inazungushwa kwa ghafla.

Tukio lililofundisha madaktari wengi liliandikwa mwaka 1978 na B. F. Sorensen nchini Marekani. Mtu mmoja alipata kiharusi cha shina la ubongo akiwa katika mazoezi ya kupiga upinde, kichwa kimegeuzwa upande mmoja huku akivuta kamba. Tangu hapo madaktari huuita ugonjwa huu kiharusi cha mpiga upinde. Ni nadra. Unapothibitishwa, mara nyingi hukutwa mfupa, kichomozi au mkazo wa tishu unaoibana ateri kichwa kikigeuka, na ateri ya upande wa pili ikiwa dhaifu.

Njia nyingine ya madhara ni mpasuko. Ukuta wa ateri una tabaka tatu. Ukivutwa ghafla, tabaka la ndani huweza kuchanika, damu ikapenya kati ya tabaka na kulifumua. Njia hupungua, damu huganda mahali pale, na tonge la damu huweza kung'oka na kwenda kuziba mshipa mdogo ubongoni. Kiharusi cha namna hii huwapata hata vijana wasio na presha wala kisukari, na huweza kuchelewa kwa saa au siku kadhaa baada ya shingo kuumizwa. Ndiyo maana jamaa wengi hawaoni uhusiano wa matukio hayo mawili.

Mzigo, mnazi na kiti cha kinyozi

Pwani ya Tanga imejengwa kwa shingo za watu. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa misafara iliyoelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, na wapagazi walibeba pembe na nguo kwa mabega na vichwa. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani, na kwa miongo iliyofuata manamba walikata majani, wakayafunga mafungu na kuyabeba hadi kwenye reli. Leo hii ndoo ya maji bado inapanda juu ya ngata, na tenga la samaki bado linatoka pwani kichwani mwa mchuuzi.

Ubebaji huo una upande wa kustaajabisha. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Kenya na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba kwa kamba ya paji la uso. Waliona kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei wanawake hao matumizi ya nguvu wanapotembea. Mwili uliozoea tangu utotoni umejifunza mwendo usiopoteza nguvu.

Nguvu ikiokolewa, mfupa bado hulipa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 ulilinganisha picha za eksirei za watu waliobeba mizigo kichwani kwa miaka na za wasiobeba; walio wengi miongoni mwa wabebaji walikuwa na pingili zilizochakaa, na kwa wasiobeba waliokuwa hivyo ni wachache. Shingo iliyochakaa haimaanishi kwamba damu imezuiwa, kwa sababu vichomozi vingi huota mbali na ateri. Ila kila mwaka wa mzigo mzito huongeza uwezekano wa kimoja kuota pabaya. Mkokoteni na baiskeli ni kinga ya shingo, na mtoto wa shule ndiye wa kwanza kustahili kupunguziwa ndoo.

Mnazi una hatari yake. Minazi mirefu ya mwambao hupita mita 20, na mkwezi au mgema hupanda bila mkanda wala kofia. Uchunguzi wa majeruhi wa uti wa mgongo waliotibiwa KCMC, Moshi, hospitali inayopokea pia wagonjwa kutoka Tanga, ulichapishwa mwaka 2017 na ukaonyesha kwamba kuanguka ndiko kulikoongoza kwa kuleta majeraha hayo kaskazini mashariki mwa Tanzania. Pingili ya shingo inapovunjika, mpasuko huweza kupita kwenye tundu la ateri na kuichana. Anayemkuta mkwezi ameanguka asimkalishe, wala asimpakie kwenye bodaboda kichwa kikining'inia. Amlaze juu ya ubao au mlango, watu washike kichwa kikae mstari mmoja na mwili, viwekwe vitambaa vilivyokunjwa pande zote mbili za shingo, ndipo aondolewe.

Kwenye kiti cha kinyozi kuna desturi iliyoenea mijini. Baada ya kunyoa na kuchua mabega, kinyozi humshika mteja kidevu na kisogo, akazungusha kichwa ghafla kulia, kisha kushoto, mpaka shingo ialike. Mteja husikia nafuu na hurudi tena. Ikumbukwe kwamba atlasi ndiyo inayogeuka zaidi hapo, na atlasi ndiyo iliyobeba daraja katika zaidi ya moja kwa kumi ya mifupa ile ya Nairobi. Hakuna kinyozi, hata awe na mikono hodari kiasi gani, anayeweza kulihisi daraja hilo kupitia ngozi na misuli. Walioumia kwa njia hii ni wachache ukilinganisha na wanaozungushwa, na baadhi yao pengine walikwenda kukandwa kwa sababu ateri ilikuwa imeshaanza kuchanika na kuleta maumivu. Uwezekano huo unazidisha haja ya tahadhari: shingo inayouma kwa namna mpya isizungushwe na mtu yeyote kabla ya kuonwa na daktari. Kuchuliwa misuli polepole, kichwa kikiwa kimetulia, kunatosha.

Saluni za kina mama nazo zina funzo lake. Mwaka 1993 daktari Michael Weintraub wa Marekani aliandika katika jarida la JAMA kuhusu wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele huku shingo imekunjwa nyuma juu ya ukingo wa beseni. Taulo nene chini ya shingo, au mteja kuinamia mbele, huondoa mkunjo huo bila gharama.

Presha bado ndiyo adui mkubwa

Haitakuwa haki kuzungumza mambo haya na kuacha picha kubwa. Kati ya mwaka 2003 na 2006 mradi wa uchunguzi wa kiharusi Tanzania, ulioongozwa na Richard Walker, ulihesabu wagonjwa wapya katika wilaya ya Hai na sehemu za Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na wagonjwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Viwango vya Dar es Salaam vilizidi vya nchi nyingi tajiri, na presha isiyotibiwa ilikuwa chanzo kikuu. Mifupa ya shingo imechangia sehemu ndogo tu ya mzigo huo.

Mambo hayo mawili hukutana mwilini. Presha ya miaka hufanya kuta za ateri kuwa ngumu, na ateri ngumu haivutiki vizuri inapobanwa na mfupa. Mtu asiyeweza kubadili umbo la atlasi yake anaweza kupima presha, kumeza dawa kila siku hata anapojisikia mzima, kupunguza chumvi na kuacha sigara. Huko ndiko kuilinda njia ambayo hakuichagua.

Dalili zinafaa kujulikana kila nyumba. Wengi wameshafundishwa kutazama mdomo uliokwenda upande, mkono ulioregea na maneno yasiyotamkika. Kwa kiharusi cha njia ya nyuma ziongezwe hizi: kizunguzungu kikali cha ghafla kisichomruhusu mtu kusimama, kuona viwili viwili, kupaliwa, upande mmoja wa uso kufa ganzi, na maumivu mapya makali ya shingo au kisogo, hasa baada ya ajali au shingo kuzungushwa. Mwenye dalili hizi asiachwe alale kwa kudhaniwa ana uchovu, malaria au amepandwa na shetani. Muda una thamani kubwa: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi kabla picha ya CT haijaonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja ubongoni.

Katika miaka ya karibuni serikali imepeleka mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Kila picha ya kichwa na shingo inayopigwa kwa mgonjwa ina taarifa kuhusu atlasi yake, na taarifa hiyo mara nyingi huishia ndani ya kompyuta. Wataalamu wa picha wa Tanga wanaweza, kwa idhini na bila majina ya wagonjwa, kuandika kila wanapoona daraja, tundu jembamba au ubavu wa shingo, ili mkoa upate hesabu yake kama Nairobi ilivyopata kutoka kwa mifupa ya makumbusho. Hesabu hiyo itamsaidia daktari wa upasuaji anayeingiza skrubu kwenye pingili, kwa kuwa daraja la mfupa huweza kumdanganya kwamba tao ni nene kuliko lilivyo. Na vyuo vya ufundi vinavyofundisha unyozi na ususi vinaweza kuanza hata muhula ujao na somo moja la saa moja: mfupa wa atlasi uwekwe mezani, mwanafunzi apitishe uzi mwekundu kwenye matundu yake, kisha aelezwe kwa nini kichwa cha mteja hakizungushwi.